Chujio Linalovuta Mtandao

Juzi, pale mtaani Kasuku, nilikwenda kwa mama mmoja anayetuma barua za watu kwa mtandao. Adapta yake ya Wi-Fi ameifunga katikati ya chujio kubwa la chuma, likawa kama dishi, akalielekeza kwenye antena iliyo juu ya paa la anayetuuzia mtandao. Barua yangu ilikwenda mara moja.

Jirani yake mwenye kazi ileile alisimama mlangoni, mikono nyuma. "Mama, hii chujio yako njo inakula rezo yangu, ndiyo inameza mtandao wangu."

Mama hakuinua macho. "Wakati wa vita, marehemu bwana yangu alifunga waya juu ya nyumba, redio ikashika. Ulikuwa unakuja kusikiliza kila siku. Ule waya ulikula nini yako?"

Jirani akarudi kwake.

Kesho yake nikamkuta naye amefunga chujio, jipya, kubwa kuliko la mama. Wateja wanangoja, mtandao hauji. Akaniomba nimtazamie kasoro. Chujio lilikuwa limeelekea mlango wa mama.

"Ligeuze kule kwenye paa," nikamwambia.

Akaligeuza, na mtandao ukaja. Kiti chake, nacho kilichoelekea mlango wa mama, hakukigeuza. Anawahudumia wateja shingo upande, akihesabu wanaoingia kwa mama.