Mifupa Yangu Mgongoni mwa Mjomba

Katikati ya miaka ya hamsini nilirudi mtaani kwetu Chumbageni kutoka chuo kikuu, Uganda, na mama akanifanyia karamu baada ya sala ya Ijumaa. Wasomi wa aina yangu mtaani tulihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, nami nilikuwa nimeandika hotuba. Nilitaka kuwauliza wazee kwa nini tunachinja ng'ombe mzima kwa ajili ya mtu mmoja, kisha wiki nzima tunakula muhogo mkavu. Niliamini hakuna aliyewahi kuuliza hivyo.

Kumbe binti wa mama mdogo alikwisha kuuliza, tena bila hotuba.

Yeye aliishia darasa la nne. Kazi yake ilikuwa kusuka ukili wa majani ya mkindu na kushona mikeka. Safari hii alikuwa amesuka mtu: kapu refu la miyaa ya mkindu lenye kichwa, mikono miwili ya kupitisha mabegani, na tumbo kubwa lililoachwa wazi. Alimtundika uani, karibu na jiko. Kila aliyemaliza kula alitakiwa atie mabaki yake tumboni, kisha ambebe mgongoni hadi shimo la taka nyuma ya nyumba na kummwaga mwenyewe.

"Karibuni mumlishe," aliwaambia wageni. "Ukila, beba."

Watu walicheka, halafu wakaanza kugombea zamu. Jirani yetu mmoja, mwanamke wa Kipemba mwenye mwili wake, alipita ameinama akilalamika, "Jamani, yote haya nimekula mie?"

"Na ya jana hujatia, shoga!" wakamjibu kutoka jikoni.

Mimi nilikaa upande wa wanaume, karatasi zangu mfukoni, wivu ukiniwasha kama upupu. Hivi huu ni usanii au mchezo wa watoto? Na kama ni mchezo, mbona hata wazee wameacha kuzungumza nami na wamekaza shingo kumtazama yeye? Nikamwita.

"Hicho kidude chako kina maana gani?"

"Sijui, kaka. Aliyesoma ni wewe. Mbebe, kisha utanieleza."

Wenzangu wa sinia wakaangua kicheko. Nikainamisha macho. Kwetu watu wanne hula sinia moja, na mgeni husukumiwa minofu mpaka achoke. Kukataa ni utovu wa adabu. Kwa hiyo upande wangu palikuwa na mlima wa mifupa. Kwa mjomba, aliyeketi kuliani kwangu, palikuwa na punje chache tu za pilau.

Watu wote walipokuwa wakitazama jikoni, niliusukuma mlima ule kwa kiganja hadi mbele ya mjomba.

Alipogeuka alishtuka. "La ilaha! Haya yangu?"

"Mzee," mmoja akamtania, "jino la mwisho uling'oa mwaka juzi. Mifupa hii umeiguguna na nini?"

Mjomba aliitazama mifupa, kisha akanitazama mimi, mara moja tu.

"Leo nimeazima meno," akasema.

Akaikusanya yote, akaitia tumboni mwa yule mtu, akampandisha mgongoni. Magoti yake hayakuwa mazima, lakini alikwenda akicheza, hatua mbili mbele, moja nyuma. Wanawake wakapiga vigelegele. Binti wa mama mdogo alimfuata akicheka hadi machozi, na ua mzima ukapiga makofi. Nilitaka kusimama niseme mifupa ile ni yangu. Haki ya mjomba haikuwa akilini mwangu hata kidogo. Nilitaka yale makofi.

Mjomba alirudi, akamtundika yule mtu mahali pake, akanawa, akaketi tena kando yangu.

"Bado kaka!" binti wa mama mdogo akaita. Ua wote ukanigeukia.

"Mimi sina mabaki," nikajibu.

Akaja hadi kwenye sinia, akatazama upande wangu ulivyo safi, akatazama kiganja changu kilichojaa mafuta hadi kifundoni.

"Sawa, kaka," akasema, akarudi kwa wageni wake.