Yatima, Mama Akiwa Kazini

Harufu ya ngozi mbichi ilifika Makongeni kabla ya jua. Ilitoka upande wa viwandani, harufu ya chumvi na chokaa na nyama iliyoanza kuharibika, ikapita juu ya mabati ya nyumba zetu na kuingia mpaka kwenye uji. Wageni waliziba pua. Mimi sikuziba, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya mama yangu. Mama alikuwa kibarua katika kiwanda kimoja cha ngozi pale Thika. Kutwa nzima alisimama ndani ya gamubuti, amejifunga aproni ya plastiki, akikwangua manyoya kwenye ngozi za ng'ombe. Jioni alijisugua kwa sabuni ya kipande, akajipaka mafuta, na bado harufu ilibaki kwenye kucha. Alikuwa ametoka Bungoma nikiwa mgongoni, baba yangu simjui hata kwa picha, na katika mji ule hatukuwa na mtu mwingine wa kwetu. Nilimpenda mama yangu pamoja na harufu yake. Naomba hilo likumbukwe, maana nitakayoyasimulia hayanipendezi hata mimi.

Nilikuwa darasa la sita. Shule yetu ilifanya mikutano ya wazazi siku za Ijumaa, saa nne asubuhi, kana kwamba wazazi wote wa Makongeni walikuwa wamekaa nyumbani wakiota jua. Kibarua hana ruhusa. Ukikosa siku moja, kesho yake unakuta mtu mwingine amesimama mahali pako. Mama alikosa mkutano wa kwanza, wa pili na wa tatu. Basi ilipokuja fomu ya wafadhili, Mwalimu Gachoka, aliyekuwa mwalimu wetu wa darasa na wa Kiswahili, alitazama kitabu cha sahihi za wazazi, akaona mbele ya jina langu hakuna kitu, akaandika: yatima. Hakuniuliza. Hakunituma na barua nyumbani. Tulikaa mwendo wa dakika kumi kutoka shuleni, na mtu mzima mwenye cheti cha ualimu alimzika mama yangu kwa kalamu ya bluu akiwa ameketi kwenye kiti chake. Mpaka leo nikifikiria kalamu ile damu inanichemka.

Wafadhili walikuja na viatu. Viatu vyeusi vya ngozi, vya kamba, na mimi nilikuwa na sandak za plastiki zilizopasuka kisigino. Tuliitwa mbele ya gwaride, watoto kumi na mmoja, tukaimba wimbo aliotunga Mwalimu Gachoka mwenyewe, kwamba tumeachwa peke yetu duniani hatuna wa kutukumbatia. Wengine walikuwa wakilia kweli, kwa kuwa walikuwa wamefiwa kweli. Mimi niliimba kwa sauti. Niliimba vizuri sana. Nyumbani nilimwambia mama kwamba viatu vimetolewa na shule, na yeye akavishika, akavigeuza, akavinusa kama fundi, akasema, "Hii ni ngozi mzuri. Wamefanya vyema, Mungu awabariki." Nilikula ugali wangu bila kumwangalia usoni.

Huenda mambo yangeishia hapo kama si somo la vivumishi. Mwalimu Gachoka alikuwa na mtindo wake wa kufundisha, na alijivunia mtindo huo hata mbele ya wakaguzi. Alimsimamisha mwanafunzi mbele ya darasa, huyo akawa nomino, na sisi wengine tukapiga kelele kutaja sifa za kumwekea nyuma ya jina. Njoroge mrefu. Wambui mnene. Otieno mweusi. Kila neno liliandikwa ubaoni, na aliyesimama pale mbele hakuruhusiwa kununa, kwa sababu hayo yalikuwa masomo. Sisi tulicheka mpaka machozi. Wambui aliacha kula chakula cha mchana muhula ule, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Siku hiyo tulikuwa tumefika kwenye jina kwa jina, yaani nomino inayofanya kazi ya kivumishi: bata mzinga, askari kanzu. Nikaitwa mbele. Darasa likafikiri kidogo, halafu Ciku, jirani yetu wa plotini, aliyejua vizuri kwamba mama yangu yuko hai, aliyekula chapati za mama yangu, akainua mkono na kusema, "Mtoto yatima." Sijui kama ulikuwa ukorofi au alitaka tu kupata jibu. Mwalimu alifurahi, akasema, "Mpigieni makofi!" Nikapigiwa makofi, na Ciku naye akapigiwa, sote wawili, na maneno yale yakabaki ubaoni mpaka Ijumaa. Kuanzia hapo jina langu likawa Nafula Yatima, uwanjani, msalani, hata kwenye rejista ya mpira wa wavu. Ningeweza kusema neno moja tu. Lakini niliangalia miguu yangu, nikaona viatu, nikanyamaza.

Ciku alilisema jina hilo nyumbani kwao, na mama yake akaja mlangoni kwetu akiwa ameshika kichwa. "Ngai! Mama Nafula, ati huko shule wanasema huyu mtoto hana mama? Si wewe uko hapa?" Mama alikuwa akichambua mchicha. Hakunipiga. Aliendelea kuchambua mpaka fungu likaisha.

Ijumaa hiyo saa tatu mlango wa darasa ulifunguliwa, na harufu ikaingia kabla ya mama. Alikuwa ametoka kiwandani katikati ya zamu, na gamubuti na aproni, mikono imekunjamana kwa chokaa. Watoto wa nyuma wakaanza kuziba pua. Mama alisoma ubao polepole, maana aliishia darasa la nne, kisha akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, mama ya huyu alikufa lini? Nataka nijue, nami nimlilie." Mwalimu Gachoka akatabasamu, tabasamu ninalolichukia kuliko kitu chochote katika maisha yangu, akasema, "Mama, wacha hasira. Hapa tunafundisha tu. Na si mtoto alisaidika?" Mama akamgeuzia mgongo. Akanitazama mimi. "Nafula, simama. Ambia hawa, mimi ni nani."

Nilisimama. Darasa zima lilikuwa linatazama, na mwalimu, na Ciku. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na sikuwa bubu. Sikusema kitu. Mama alisubiri muda mrefu, kisha akachukua dasta, akafuta ubao wote, na tarehe pia, akatoka. Jumatatu alipokwenda kiwandani alikuta mtu mwingine amesimama mahali pake. Mwaka ule na uliofuata alifua nguo za watu.

Sasa ninaishi Mwihoko, na mama anaishi nami. Mwanangu yuko shule hapa Ruiru, na mikutano bado hufanywa asubuhi, siku za kazi, na walimu bado wana fomu zenye safu ya kuandika mtoto ni wa aina gani: mhitaji, yatima, wa mzazi mmoja. Wanaijaza haraka haraka, wakitazama simu. Nimegombana nao mara mbili na wananiona mkorofi. Mama, na magoti yake mabovu, hajakosa mkutano hata mmoja. Anafika kabla ya mlinzi kufungua geti, anaketi benchi la mbele, na anadai kutia sahihi wa kwanza.

Mwezi uliopita alirudi kutoka kwenye mkutano mmoja, amelowa mvua, nami nikamvua viatu na kumkanda miguu. Miaka yote hii hatukuwa tumeizungumzia siku ile. Nikamwambia, "Mama, siku ile darasani si kwamba sikukujua. Nilikuwa mtoto, niliogopa."

"Nilijua unanijua," akasema. "Kama ungekuwa umenisahau, si ningekusamehe palepale?"