Bawaba ya Kwetu

Shemeji yangu ni mchomeleaji wa mageti, na tangu nimjue sijasikia mtu akimwita kwa jina lake. Tunamwita Cheche. Jina hilo alilipata karakana kwa sababu ya vitundu vilivyotapakaa kwenye kila shati lake, hata yale ya kutokea. Dada yangu, ambaye ndiye mkewe, aliwahi kumnunulia shati jipya akalifungia kabatini lisije likaguswa na moto. Siku ya kulitoa akakuta lina tundu begani.

"Hili nalo limeunguaje likiwa kabatini?"

"Labda nondo," Cheche akasema.

"Nondo gani, ya mdudu au ya chuma?"

Cheche akalivaa hivyo hivyo, akaenda zake.

Si mtu wa mji huu. Alikuja akiwa kijana, kwa kazi ya msimu mmoja, akakuta kazi haiishi. Halafu akampata dada yangu, wakapata watoto, akakaa. Kwao ni mbali, safari ya kulala njiani, na alikuwa akienda mara chache kuliko alivyokuwa akiahidi. Lakini hakuwa mtu wa kulalamika. Ukimuuliza kama anapakumbuka kwao, anakujibu, "Pako palepale, hapakimbii." Kisha anashusha kile kinyago cha kuchomelea, anaficha uso, na mashine hata hajaiwasha.

Mimi natengeneza feni na pasi kwenye kibanda kilichopakana na karakana yao, na mwisho wa wiki napiga gitaa kwenye bendi ya maharusi. Kwa hiyo sauti yake naijua vizuri. Anaimba akikata chuma, anaimba akipiga msasa. Si sauti tamu, ina mkwaruzo, lakini ukiizoea unaitafuta pale inaponyamaza.

Siku moja, asubuhi tu chai haijapoa, mama yake akapiga simu. Cheche alikuwa amevaa glavu, akaiweka kwa sauti kubwa juu ya meza ya chuma, tukawa tunamsikia wote. Mama alikuwa anasimulia habari za magoti yake. Alikuwa amefika goti la kushoto, lile baya, mara simu ikatoa mlio: kwiii, halafu kwo.

"Ngoja mwanangu, kuna mtu anaingia," akasema mama. Alikuwa ni mtu wa kusoma mita ya maji tu. Mama akamalizana naye, akarudi kwenye goti lake, akaaga.

Cheche alibaki amesimama na glavu zake.

"Umesikia, shemeji?"

"Nimesikia nini?"

"Geti la kwetu."

Ndipo akanihadithia. Geti lile alilitengeneza baba yake mwenyewe, marehemu, kwa bati la mapipa. Bawaba ya juu aliitoa kwenye mlango wa lori bovu, ya chini aliiokota sijui wapi, na hazikupatana tangu siku ya kwanza. Kila mtu wa nyumba ile alikuwa na namna yake ya kulifungua. Baba alilisukuma mara moja, kwa nguvu. Dada yake Cheche, akichelewa kurudi, alilifungua polepole ili asisikike, na hapo ndipo lilipolia kwa kirefu mpaka mtaa mzima ukajua amechelewa. Mama alikuwa jikoni, amewapa mgongo, na bila kugeuka alitaja jina la anayeingia.

"Mimi nilikuwa nalinyanyua kidogo kwanza, ndipo nasukuma," alisema. "Linatoa milio miwili. Kwii, kwo. Shemeji, mimi kila siku ya Mungu natia grisi bawaba za watu zisilie. Likilia, mteja analirudisha. Na leo nimesikia moja inalia, nikataka nikae chini."

Hakukaa chini. Alichukua chaki ile ya kupimia, akageukia bati lililokuwa limeegeshwa ukutani, akaanza kuandika. Mapumziko ya mchana yakaja, wenzake wakaenda kula, yeye anaandika. Bati likajaa. Akanisomea, nikachukua gitaa kujaribu kumfuata, na kufikia jioni tulikuwa na kitu. Kiitikio chake kilikuwa hiki:

*Bawaba ya kwetu yalia,*
*nani huyo anaingia?*
*Mama shingo anainua,*
*si mimi, bado sijafika.*

Nilimwambia mstari wa mwisho haulingani vina na mingine. Akasema, "Ndiyo. Kwa sababu sijafika."

Kesho yake tukakuta bati halipo. Mpaka rangi wa karakana, mtu mwepesi wa mikono kuliko macho, alikuwa amelipaka rangi ya maziwa mara mbili, likachomelewa kwenye geti, likapelekwa kwa daktari wa meno. Cheche alimjia juu nusura wakunjane. "Kumbe yalikuwa maneno?" mpaka rangi akasema. "Mimi nilidhani vipimo." Ikabidi Cheche autunge wimbo upya kwa kukumbuka. Hadi leo anashikilia kwamba ubeti wa pili uliobaki kwa daktari wa meno ulikuwa mzuri zaidi.

Kurekodi tulikwenda kwa kijana mmoja wanayemwita Masikio, ambaye studio yake ni stoo ya nyuma ya duka la magodoro. Kuta zote zimezibwa kwa magodoro mabovu, kwa hiyo mtu ukisema neno, linamezwa pale pale mdomoni. Dada yangu alitusindikiza, akakaa juu ya godoro akiwa na chupa ya chai.

Tabu ya kwanza ilikuwa mikono. Cheche hajawahi kuimba mikono mitupu. Alisimama mbele ya maikrofoni kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, sauti ikatoka nyembamba, ya adabu, si yake kabisa. Masikio alimsikiliza, akatoka, akarudi na nyundo. "Shika hii, mzee, ila usipige kitu." Cheche akaishika nyundo na mkwaruzo wake ukarudi.

Tabu ya pili ilikuwa bawaba. Cheche alitaka mlio wenyewe usikike mwanzoni mwa wimbo. Alikuwa amekuja na mfuko mzima wa bawaba alizozilaza kwenye maji ya chumvi zikashika kutu. Tukazijaribu moja moja. Moja ililia kama bata. Nyingine ililia kama mtoto anayenyimwa kitu dukani. Masikio aliipenda ile ya bata, akasema ina mvuto.

"Hii ni ya kwao mtu mwingine," Cheche akasema.

Ndipo akapata wazo. Atampigia mama simu, mama afungue geti, Masikio anase mlio kupitia simu. Simu ikapokelewa mara moja.

"Mama, nina ombi. Toka nje unifungulie geti, nilisikie."

"Geti lipi? Hili la kwetu?" Mama alikuwa na furaha tele. "Tumelitia mafuta, mwanangu! Dada yako ameniambia unataka kuimba kwamba geti letu linalia. Redioni! Nikasema mimi siaibishwi uzeeni. Nimemwita fundi, amelegeza, ametia grisi. Sasa hivi kimya kama maji mtungini."

Cheche akasema, "Asante, mama. Umefanya vizuri."

Akakata simu, akakaa juu ya godoro kando ya dada yangu. Hakuna aliyejua pa kutazama. Kisha Masikio akashindwa kujizuia, akacheka puani. Mimi nikafuata. Cheche mwenyewe akacheka mpaka akalala chali, machozi yanamtoka, na dada yangu, anayemjua kuliko sisi, akatoa upande wa kanga akamfuta bila kucheka.

"Washa mitambo yako," Cheche akasema alipoinuka.

Aliufanya ule mlio kwa mdomo wake. Kwii, kwo. Kisha akaingia kwenye wimbo moja kwa moja, nami nikamkimbilia na gitaa. Tulirekodi mara hiyo moja tu. Masikio alipotaka turudie, dada yangu alimwangalia, akaghairi.

Wimbo ulipigwa redioni mwanzo asubuhi za Jumapili, halafu wakati wowote. Watu waliupenda. Ila kila mtu aliupenda kwa sababu zake, na waliotutia wazimu zaidi walikuwa maharusi. Sijui nani alianza. Nilichokiona mimi, jukwaani na gitaa langu, ni kwamba kila ukumbi tuliokwenda mshereheshaji aliutaka wimbo wa bawaba bibi harusi anapoingia. *Nani huyo anaingia?* Vigelegele! *Mama shingo anainua.* Na mama wa bibi harusi kweli anainua shingo, watu wanapiga makofi. Hapo wanaukata, bendi inaingia kwingine.

Cheche alikuja kuliona jambo hilo kwa macho yake kwenye harusi ya binti wa mpaka rangi. Alikuwa amevaa lile shati lenye tundu begani. Alisikiliza hadi mwisho, maana yake hadi pale walipokata, akanifuata jukwaani.

"Mmekata kabla ya 'si mimi'."

"Shemeji, tungemwimbia bibi harusi kwamba bado hajafika? Na mumewe yule pale anamsubiri?"

Akanuna. Alinuna ukumbini, akanuna nyumbani, na karakana akawa anapiga msasa bila kuimba. Alisema wimbo wake wameugeuza keki ya harusi.

Kilichomtoa kwenye kununa ni mlinzi mmoja wa ghala la jirani. Alikuja karakana na kiti kilichovunjika mguu, akasimama anababaika, mwisho akauliza kama yeye ndiye wa bawaba. Cheche akasema ndiye, kwa sauti ya mtu anayejiandaa kuambiwa habari za harusi.

"Kwetu sisi hatukuwa na geti," yule mlinzi akasema. "Hata mlango hatukuwa nao, tulikuwa na pazia. Lina pete za shaba juu. Mtu akiingia zinasema chwaa. Sasa nikisikia wimbo wako, mimi nasikia zile pete." Akakiweka kiti chini. "Nilikuwa nimezisahau, kaka."

Cheche alimpa kigoda akae, akamwongezea chai, na mguu wa kiti akauchomelea kwa utulivu kama vile anachomelea geti la ikulu. Mlinzi alipoondoka akaniambia, "Waache waoe nao." Mchana huohuo akarudi kuimba.

Magoti ya mama yalizidi. Cheche na dada yangu walifunga safari wakamleta akae nao, na mimi nilikwenda kuwapokea. Mama ni mfupi, mwepesi, ana macho ya mtu anayetafuta kosa. Nyumbani wakampa chumba chenye dirisha, na baada ya chakula wakamsikilizisha wimbo, wote wakimtazama usoni.

"Sauti ni ya baba yako hasa," akasema. "Lakini mimi shingo sikuinua hata siku moja. Niliwajua bila kuinua kitu. Umenisingizia."

Miezi ya mwanzo ilikwenda vizuri. Kisha mama akaanza kupungua. Anachezea chakula, anakaa dirishani, akiulizwa anasema hana kitu. Dada yangu aliona ni magoti. Cheche aliona ni geti. Akamwambia, "Mama, nitakutengenezea lilelile, mpaka kelele zake."

"Geti la nini? Achana na mageti yako."

"Basi unakosa nini?"

Mama akatazama sakafu. Kisha siri ikamtoka. Alikuwa anamkosa jirani yake wa ukutani, mwanamke waliyegombana naye tangu Cheche hajazaliwa. Waligombania maji machafu, moshi, kamba ya nguo. Asubuhi haikuanza kama mmojawapo hajasema neno juu ya ukuta.

"Hapa kwenu watu wana heshima mno," mama akasema. "Juzi nimemwaga maji mlangoni pa mtu makusudi. Makusudi kabisa! Ananiambia, shikamoo mama. Sasa mimi nitaishije hivi?"

Dada yangu alikimbilia jikoni kucheka. Cheche hakucheka. Alikuja kunichukua na gitaa langu, alasiri ya sikukuu ambayo hakuna aliyefanya kazi, tukakaa na mama, miguu yake juu ya kigoda.

"Tumtungie wimbo," Cheche akasema.

"Usiseme ni mwema," mama akaonya. "Akisikia namsifu, atajua nakufa."

Ni mtunzi mgumu kuliko mwanawe. Cheche alileta neno "majonzi", akalikataa. Akaleta "ewe", akamuuliza nani huwa anasema hivyo. Mwisho ukapatikana ubeti mmoja, nao ulikuwa wa moshi tu: jirani, moshi wako umenifuata mpaka huku, nguo zangu zanukia jiko lako, lini utanunua mkaa mkavu? Tukampigia simu. Cheche akaimba, mama kakunja mikono kama hakimu.

Upande wa pili sauti ya mwanamke mzee ikasema:

"Moshi? Na kuku wako waliomaliza mchicha wangu, hao hawana wimbo?"

Mama alinyoosha mkono akainyakua simu. Waligombana hadi betri ikazima, na chakula cha jioni aliomba aongezewe.

Sasa wimbo huo una beti nyingi, kwa sababu jirani anajibu, na anajibu kwa kuimba. Masikio anausubiri aurekodi. Cheche amemwambia haujaisha, na kwa wazee wale wawili sioni utakavyokwisha. Juzi nimewakuta tena kazini. Mama anataka sehemu ya jirani iimbwe kwa sauti mbaya zaidi. Cheche amekata shauri kwamba jirani anapanga vina vizuri kuliko sisi sote, naye mama anakubali, ila amesema neno hilo lisitamkwe karibu na simu.