Mashine ya Kumtafuta Ndugu Yangu

Kwa watu wa nyumbani, kule ziwani, Kitengela ni Nairobi, na mtu wa Nairobi ndiye hununua vitu. Nimewahi kutumwa betri, miwani ya mama, hata mabati yanayouzwa sokoni pale pale kwetu. Mwaka jana nilitumwa mashine ya kutafuta samaki, ili imtafute mdogo wangu.

Mashua yake ilipinduliwa na upepo. Wenzake waliokolewa, yeye hakuonekana. Wapiga mbizi walitafuta hadi wakachoka, na wazee wakaanza kutaja yago, lile tunda refu la mwegea ambalo sisi Wajaluo huzika badala ya mtu asiyepatikana. Hadi mazishi yafanyike, ufuo wetu hautupi nyavu, na watu walikuwa wameanza kulala njaa. Mama aliposikia habari ya yago alikataa chakula. Kila asubuhi alisimama majini hadi magotini akimwita mwanawe kwa jina, aibuke. Binamu yangu, aliyemiliki mashua ile pamoja na marehemu, akanipigia simu. Wazee wangengoja hadi mwisho wa wiki, basi. Nitafute mashine ya kuona chini ya maji, yenye GPS ya kutia alama walikopita wasirudie.

Kitengela nilipata duka la pampu za sola na vifaa vya kufuatilia magari. Mwenye duka, Mmasai wa makamo, alikuwa na mashine mbili za namna hiyo alizotumia kupimia kina cha mabwawa ya mifugo.

"Mimi hiyo nyoka yenu ya maji sikuli," alinitania juu ya samaki, "lakini mashine niko nayo."

Nilimwambia ninamtafuta nani. Kicheko kikakatika. Nilipotaka kutaja jina, akainua mkono.

"Pole sana, rafiki yangu. Lakini usitaje. Kwetu mtu akienda, jina yake haiitwi tena."

Nilikasirika. Mama yangu alikuwa akiliita jina hilo mpaka sauti imkauke, na huyu ananiziba mdomo dukani kwake! Nilitaka kumjibu kwamba ndugu yangu hajaenda, amepotea tu. Nilijisikia nikitaka kusema upuuzi, nikauliza bei.

Hakukubali niondoke na kitu nisichokijaribu. Alinipakia kwenye pikapu yake hadi bwawa moja la ng'ombe upande wa Kajiado, akafunga kitambuzi cha mashine ya kwanza kwenye mtungi mtupu, akausukuma majini. Kioo kikajaa samaki, wadogo kwa wakubwa, wote wametazama upande mmoja.

"Kumbe humu mko na samaki?"

"Hii dam ilikauka yote juzi kwa kiangazi. Samaki itoke wapi?"

"Sasa hizi ni nini?"

"Ni kitu tu. Matawi, mapovu, hata mavi ya ng'ombe. Hii ikiona kitu yoyote kwa maji, inachora samaki."

Ikimpata ndugu yangu, nayo itamchora samaki.

Mashine ya pili haikuchora samaki hata mmoja. Ilitazama pembeni, kulia na kushoto, ikatoa sura ya chini kabisa: matope, mashimo ya kwato, na tairi moja kuukuu, duara lake wazi bila shaka yoyote.

"Tairi imeonekana," alisema. "Na mtu ataonekana."

Nilimpigia binamu pale pale, nikamweleza mashine zote mbili.

"Hapana, bro," akasema. "Hiyo ya pembeni wacha. Leta ile ya samaki."

"Imeonyesha tairi, nakwambia!"

"Kwani sisi tunatafuta tairi? Ni sisi tuko kwa maji. Hiyo ya samaki vijana wanaijua."

Nilibishana naye hadi ng'ombe wakanigeukia. Mwishowe nikashindwa. Yeye alikuwa ziwani, mimi nilikuwa malishoni na viatu vya ofisi. Mwenye duka aliifunga ile ya samaki polepole, na aliponiaga aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Si hii," alisema. "Lakini maji ni yenu."

Niliituma kwa basi. Walizunguka nayo, wakatia alama zao, na kila mahali kioo kilisema samaki. Kila walipokokota ndoana, zilikuja tupu. Wiki ilipoisha tukazika yago. Nililibeba mimi mwenyewe, limefungwa shuka jeupe, na lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Mama hakufika kaburini. Alikuwa majini.

Miezi kadhaa baadaye nikaitwa ofisi ya mabasi Kitengela nichukue mzigo. Lilikuwa boksi la samaki kutoka kwa binamu, mbuta wanono, wamelazwa kwenye barafu. Ndipo nilipomwelewa binamu yangu. Alikuwa amenichagulisha mashine ya kazi yake ya uvuvi, ndugu yangu akiwa bado chini ya maji. Damu ilinichemka. Nilitoka nje, nikasimama kando ya barabara, nikampigia nimtukane matusi yote niliyoyajua kwa Kijaluo.

Simu ikapokewa na mke wa mdogo wangu.

"Shemeji, mzigo umefika? Mwenye simu ako kwa maji."

Nikamuuliza kama anajua ni nani aliyeikataa ile mashine nyingine, ile iliyoona tairi.

Nyuma yake nilisikia watoto wake wakigombania kitu.

"Ni mimi nilimwambia aikatae," alisema. "Nilikuwa hapo kando yake. Bwanangu alikuwa ashaenda, shemeji. Hawa bado wako."

Matusi yote yalikuwa bado mdomoni. Nikamshukuru kwa samaki.