Bakuli Chini ya Chokaa

Mimi si mtu wa safari. Nalisema hilo mapema ili tusije tukalaumiana. Dunia yangu inaanzia jikoni na kuishia kwenye genge la kona, na siku nikienda stendi ya Lindi kumpokea mgeni, narudi hoi kama vile mimi ndiye niliyetoka safari. Mwanangu wa kike ndiye aliyeona kwamba nazeeka vibaya. "Mama," akasema, "mwezi huu tunakwenda kutalii." Nikamuuliza wapi. "Songo Mnara." Nilicheka hadi chai ikanipalia, maana Songo Mnara ndiko nilikolelewa. Niende kutalii kwetu? Nikapige picha kisima nilichochotea maji?

Nikaenda. Pale Kilwa Masoko nikavishwa koti la kuokolea maisha la rangi ya chungwa, nikakaa kwenye boti ya injini, katikati ya watalii wengine, kama boga lililokosa mnunuzi. Tulipoteremka kwenye mikoko, maji yalikuwa yametoka, na lile tope likanivua kiatu palepale lilipokuwa likinivua zamani. Nikajisemea, angalau kipo kimoja kinachonikumbuka.

Aliyetupokea alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, kanga kiunoni, fulana juu. "Shikamoo mama. Karibuni wageni wetu, jisikieni mko nyumbani." Nikaitikia marahaba. Mwanangu akanikanyaga mguu, akitaka niseme mimi ni nani. Sikusema. Binti akatangulia kuelekea magofuni, sisi nyuma yake, na mimi nikijifanya naangalia vipepeo.

Ngoja nikueleze hayo magofu tulivyokuwa nayo sisi. Kwenu labda ni historia. Kwetu yalikuwa kazi ya Alhamisi. Kila Alhamisi, baada ya kurudi pwani kuchokoa pweza, bibi yangu na jirani yetu walikwenda kufagia msikiti wa kale na makaburi. Bibi alibeba ufagio wa chelewa, jirani alibeba chetezo chenye makaa na ubani kwenye pindo la kanga, na mimi nilibeba ndoo ya chokaa. Walifagia bega kwa bega, chwa, chwa, chwa, huku wakiwasema waume za watu. Walijua chumba gani kilikuwa cha kulala na kipi cha kuwekea mchele, na kama hawakujua walibuni, na wakishabuni waligombana kana kwamba walikuwepo. "Hapa alikaa bibi harusi," husema bibi. "Akae hapa palivyo na giza?" humjibu jirani. "Hapa aliwekwa mama mkwe!" Basi watacheka hadi popo waruke.

Jirani huyo alinipenda kuliko nilivyostahili. Akiletewa ming'oko, vile viazi mwitu vya kwetu, na nduguze wa Kikole, aliichemsha, akaipakaza chumvi yenye pilipili, na sahani ya kwanza ilikuwa yangu. Hadi leo nikipita sokoni Lindi na kunusa ming'oko ya moto, nageuza njia. Watu wanadhani nina vidonda vya tumbo.

Sasa, kwenye ukuta wa kaburi kubwa kulikuwa na mashimo ya duara, kumi na kitu, yaliyokuwa na mabakuli ya kaure enzi hizo. Yote yalikuwa yamekwisha kung'olewa. Yote isipokuwa moja. Lilikuwa la kijani, rangi ya maji ya ufukweni jua likiwa utosini. Bibi alilifunika kwa chokaa ili ukuta uonekane mtupu, na kila mwaka kabla ya Ramadhani alilipaka upya, kwa sababu mvua iliila ile chokaa. Waliojua walikuwa bibi na jirani. Na mimi, mbeba ndoo. Lakini nani anamhesabu mtoto?

Siku ninayoisema nilikuwa na miaka tisa. Alikuja bwana mmoja wa mjini, kofia kubwa, begi mgongoni. Alizunguka magofuni nikimfuata nyuma, maana wageni walikuwa ndiyo sinema yetu. Akafika kwenye kaburi, akachungulia yale mashimo, akasonya. "Nimechafua suruali yangu bure," akasema. "Hapa hamna kitu. Mawe matupu."

Iliniuma, ndugu yangu. Niliona ametutukana sote, mimi na bibi na Alhamisi zetu zote. "Kipo!" nikamwambia.

"Kipo nini, wewe?"

Nikaokota kombe la pwani, nikakwangua chokaa. Nilikwangua pakubwa kiasi cha kiganja, ile kijani ikachungulia. Yule bwana akapiga magoti kwenye uchafu, suruali na yote. Hakuligusa. Alinipapasa kichwa, akaniambia mimi ni mtoto mwerevu sana, akanipa pakiti ya biskuti. Nililamba kidole nikapakaza vumbi la chokaa pale nilipokwangua, kisha nikaenda kuzila biskuti zangu chooni, peke yangu, ili nisimgawie mtu. Unaona mwerevu alivyo.

Alhamisi iliyofuata palikuwa na shimo.

Bibi hakupiga kelele. Aliweka ufagio chini, akaingiza mkono mle shimoni, akautoa, akautazama. Jirani akasema, "Yarabi, nani huyu?" Bibi akaokota ufagio wake. Njia nzima hatukusikia mume wa mtu akisemwa.

Siku ya pili jirani alikuja mlangoni. Mimi nilikuwa sakafuni nachambua kunde. "Shoga, una neno na mimi?"

"Neno ninalo," akasema bibi, "ila sina mdomo wa kulisemea."

"Lisemee pua basi, mradi nilisikie."

"Tulijua wawili."

Jirani akajitanda upya kanga yake. "Na mmoja wao ni wewe," akasema, akaondoka.

Nilizidi kuchambua kunde. Nakumbuka nilitupa nzima nikabakiza mbovu, na bibi hakuona.

Kuanzia hapo bibi alifagia Alhamisi asubuhi, na jirani alifagia Alhamisi alasiri. Fikiria hiyo, wanawake wawili wazima, kila mmoja anafagia mahali palipokwisha fagiwa. Kijiji kikacheka, kisha kikazoea, kisha kikaamini. Jirani akawa "yule wa bakuli." Na ming'oko aliendelea kuniletea. Alinipitishia dirishani.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Mwanzo niliogopa fimbo. Baadaye niliogopa kuulizwa kwa nini sikusema mwanzo. Nikavuka kwenda sekondari, nikajua kueleza mzunguko wa maji na sababu za vita vya watu wa mbali, na sentensi moja ya kwetu ikanishinda. Bibi alipofariki nilikuwa kidato cha tatu. Wanawake walikuwa ndani wanamwosha. Jirani akaja na chetezo chake, ubani umeshawaka, akasimama mlangoni. Mama mmoja akakipokea kile chetezo, akasema ahsante, akaurudisha mlango. Jirani akabaki nje, mikono mitupu, akiufuata ule moshi kwa macho. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Nilikwenda kuteka maji.

Baada ya arobaini niliondoka kisiwani, na sikurudi. Watu husema napenda kukaa nyumbani. Waache waseme hivyo.

Basi tukafika kaburini. Binti akanyoosha mkono. "Hapa palikuwa na mabakuli ya kaure. Yote yalichukuliwa na Wareno." Mwanangu akapiga picha. Mimi nikatazama shimo langu, la tatu kutoka kushoto. Nilidhani ni kubwa. Linaenea ngumi.

Wengine walipokwenda kupiga picha msikitini, mwanangu hakuweza kujizuia. "Dada, huyu mama ni wa hapahapa. Bibi yake ndiye aliyekuwa akifagia." Akakimbilia kwa wenzake, akaniacha. Binti akanikazia macho. Akataja jina la bibi yangu. Nikakubali.

"Basi mimi ni mjukuu wa yule jirani yenu," akasema. "Mama, samahani, nikuulize. Hayo ya Wareno nawaambia wageni tu. Hapa kijijini wanasema ni bibi yangu. Amekufa akisemwa hivyo. Alikuwa akiniambia, 'Kuna mtu mmoja anajua, iko siku atarudi.' Wewe ulikuwepo. Ni yeye?"

Mungu alinipa kila kitu siku ile. Alinipa mahali, na mtu, na swali lenyewe limekwisha tafunwa. "Hapana," nikasema. "Si yeye."

"Nani sasa?"

Biskuti zile zilinijia mdomoni, na vumbi la chokaa. "Mgeni mmoja," nikasema. "Alikuja, akaondoka."

"Alijuaje lilipo?"

"Wageni wana macho."

Binti akanikumbatia, akalia begani kwangu. Akanishukuru, tena kwa jina la Mungu. Kundi la pili lilipofika, nikamsikia sauti imechangamka: "Zamani tulikuwa tukisema ni Wareno, kumbe si kweli! Mama yule pale ndiye shahidi." Wakageuka wote, wakanipiga picha. Mtu wa nyumbani nimeingia kwenye historia, tena upande wa mashahidi.

Bibi hayupo, jirani hayupo, na magofuni sikusikia chwa, chwa ya mafagio mawili kwa pamoja. Nilisikia simu zikipiga picha.

Pale pa kutokea kuna meza na kitabu cha wageni. Kwenye safu ya "Unatoka wapi" nikaandika Lindi. Iliyofuata ilikuwa ya maoni, mstari mzima mtupu, na kalamu nilikuwa nayo mkononi. Mwanangu akaniita, maji yanajaa. Binti alikuwa amesimama mbele yangu anatabasamu, ufagio wa chelewa umeegemezwa ukutani nyuma yake, maana siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Nikaandika: "Pamefagiwa vizuri."