Blanketi Lililofika

Nikimwona Ndung'u hata leo damu inanichemka, na sijali nani anasikia.

Chelagat ni jirani yangu wa kibanda hapa sokoni Nakuru. Anauza mitumba ya watoto, na hajui kudanganya mteja: sweta ikiwa na tundu, anakuonyesha kabla hujauliza. Kwa hizo sweta alimsomesha Weldon, mtoto wake wa pekee, mpaka akawa baharia. Mtoto wa Mau Narok, aliyekulia kwa shamba la viazi! Tulimtania: "Mama Weldon, huyo kijana hata kuogelea anajua?" Alikuwa anacheka tu.

Halafu kombora likapiga meli yao Bahari ya Shamu, kwa vita vya watu wengine kabisa. Ikazama. Redio ikatutajia mzigo wote: matairi, ngano, marobota ya mitumba ya kuja Mombasa, na vile mawimbi yalikuwa yakivitupa ufuoni. Na mabaharia? Ati "baadhi hawajulikani walipo." Basi, wakaweka muziki! Chelagat alipigia kampuni ya meli simu mpaka wakaacha kushika. Alitaka waseme tu kama kuna mtu anamtafuta Weldon.

Miezi ikapita bila habari, tukahesabu amefiwa. Sokoni kwetu mwenzetu akifiwa, tunafunga vibanda twende kumfunika blanketi, tena kamera, yaani lile la kwanza kuchaguliwa robota likifunguliwa. Tukamwachia Ndung'u, anayetuletea marobota, alichague.

Tulipofika kwa Chelagat, akalitoa mbele ya watu, zito, zuri. Nikaligusa. Lilikuwa gumu kwa chumvi. Wueh! Wiki nzima alikuwa akijigamba amepata mzigo wa ile meli kwa bei ya kutupa, na bado hakufikiria! Kichwa ni cha kubeba kofia, bana?

Nilinyoosha mkono nimnyang'anye, lakini tayari lilikuwa mabegani kwa Chelagat. Akashika pindo, akalinusa.

"Hili ni la meli ya Weldon?"

"Pole, mathe," Ndung'u akasema. "Aki sikufikiria."

"Wewe sina shida nawe. Niambie tu. Hao waliookota hili blanketi ufuoni, wakalianika, hawakuona mtu?"

Chelagat akajifunika vizuri, akachukua simu, akapigia tena ile kampuni.