Viazi Nilivyovilowesha Siku Tatu

Siku yangu ya kwanza jikoni mwa kituo cha lishe, hapa Kasongo, Superviza alinikabidhi gunia la viazi mviringo kutoka Bukavu. Kwetu kijijini Wamaza sikuwahi hata kuvigusa! "Andaa nusu," akasema. "Narudi siku ya tatu, tuwafundishe wamama wenye watoto wa utapiamlo." Akapanda pikipiki, akaenda Kabambare.

Kuandaa? Kazi hiyo niliijua sana! Nikamenya, nikakata vipande, nikavitumbukiza kwenye pipa la maji kama tunavyolowesha mihogo ya fufu hadi uchungu utoke. Siku ya tatu povu limepanda, na harufu, wanangu, mbuzi walihama uani!

"Mama, umefanya nini humu?"

"Nimelowesha, Superviza. Viko karibu kulainika."

"Aka! Hii si mihogo! Vitamini yote imeishia majini, na wamama wameshafika. Nusu iliyobaki utawapikia weye, mbele yao. Ukiharibu tena, leo hii unarudi Wamaza."

Mungu wangu! Nilikuwa mjane, na watoto watatu walikula kwa kazi ile. Superviza akanielekeza mbiombio: chemsha na maganda kwa maji kidogo, menya, kata vipande vya unene wa kidole, geuza kidogo kwenye mawese na kitunguu. Tena viazi ni wanga, chakula cha nguvu, vikae pembeni ya sahani. Mwili wa mutoto unajengwa na maharage na ndakala, vile visamaki vikavu.

Nikasimama mbele ya wamama, maneno yote yamenitoroka. Nikasema ukweli tu: "Mimi nimelowesha viazi siku tatu!"

Wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Hata miye ningelowesha!" Basi ulimi ukafunguka, nikapika huku wakiniuliza maswali, na watoto wakalamba sahani. Superviza akanivuta kando. "Kuanzia leo weye ndiye utafundisha. Miye huwa wananisinzilia."

Nilifundisha Nyangwe, nikafundisha Kabambare, ambako tulipika viazi vitamu maana vile vya Bukavu havikufika. Kila mahali nilianza na kosa langu, na raha niliyoipata siwezi kuipima!

Siku yangu ya kustaafu, muuguzi aliyechukua nafasi yangu ya kufundisha alinijia machozi yakimlengalenga. "Mama, nimeunguza uji wote wa watoto. Wamama wako nje, nitawaambia nini?"

Nikamkumbatia kwa furaha. "Umeunguza? Haya, kimbia ukawaambie hivyo hivyo!"